Ilifyatuka au Ilifyatuliwa? Vyanzo vya Mlio wa Pili Usiokusudiwa katika Bunduki za Nusu-otomatiki na Namna ya Kuvieleza kwa Kiswahili

Ikisiri

Bunduki ya nusu-otomatiki imeundwa kutoa risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio. Hata hivyo, hutokea ikatoa mbili bila mwenye kuishika kukusudia. Makala haya yanaeleza vyanzo vitano vya tukio hilo na kuonyesha kwamba kila chanzo kina kitenzi chake kinachokifaa katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba vitenzi fyatua, fyatuka na lipuka si visawe. Kila kimoja kinabeba dai tofauti kuhusu kilichotokea ndani ya bunduki na kuhusu anayepaswa kuwajibika. Makala yanapendekeza kwamba maelezo ya mashahidi, ripoti za ghala la silaha na kumbukumbu za mahakama zianze na kitenzi kisichodai chochote kuhusu chanzo, kisha zichague kitenzi mahususi baada ya silaha kuchunguzwa.

1.0 Utangulizi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mgambo yuko kwenye uwanja wa shabaha na bunduki ya nusu-otomatiki. Anavuta kifyatulio mara moja, na bunduki inalia mara mbili. Risasi ya kwanza inapiga shabaha. Ya pili inatoka wakati mtutu umekwisha kuinuka kwa kishindo cha ile ya kwanza, inapita juu ya tuta la udongo na kumjeruhi mpita njia. Jioni hiyo yanaandikwa maelezo. Shahidi wa kwanza anasema, “Alifyatua risasi mbili.” Wa pili anasema, “Bunduki ilifyatuka yenyewe.” Mgambo anasema, “Risasi ya pili ililipuka tu.” Karani anayetaka kuwaridhisha wote anaandika, “Risasi mbili zilifyatuliwa.”

Sentensi hizo nne hazisemi jambo moja. Ya kwanza inamtaja mtu kuwa mtenda wa milio yote miwili. Ya pili inamwondoa mtu na kuitupia lawama silaha. Ya tatu inaiondoa hata mitambo ya silaha na kubakisha risasi peke yake. Ya nne inamficha mtenda, lakini kwa kuwa imetumia kauli ya kutendwa, inamwachia msomaji dhana kwamba mtenda yupo. Katika sheria za jinai za Kenya, Uganda na Tanzania, zenye asili moja katika sheria za Kiingereza, mtu kwa kawaida hawajibiki kwa tendo lililotokea nje ya utashi wake, ingawa anaweza kuwajibika kwa uzembe. Hivyo uchaguzi wa kitenzi unaweza kumweka mtu upande mmoja au mwingine wa mstari huo kabla fundi hajaigusa bunduki.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nchini Kenya, Kiswahili ni mojawapo ya lugha mbili za mahakama za chini. Uganda ilikitambua katika katiba kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, nayo Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakihesabu miongoni mwa lugha nne za taifa. Tena Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi tangu enzi za jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Lugha iliyotumika zaidi ya karne moja kutoa amri za kufyatua inastahili pia kuweza kueleza kwa usahihi kwa nini bunduki imelia bila amri.

2.0 Fyata, fyatua, fyatuka

Kabla ya kuifungua bunduki, tulifungue neno. Kitenzi fyata kina maana ya kubana kitu kisitoke mahali pake. Mbwa mwoga hufyata mkia, na mtu aliyeshindwa hoja hufyata ulimi. Kitenzi fyatua kina kiambishi cha utenduzi, kile kile tunachokiona katika fumba na fumbua, au ziba na zibua. Kwa hiyo, kufyatua ni kukiachia kilichokuwa kimefyatwa. Fyatuka nacho ni kitenzi kisichohitaji mtenda. Kilichokuwa kimebanwa kimeachiliwa, na sentensi haisemi ni nani au ni nini kilichokiachilia.

Matumizi ya asili ya maneno haya tunayaona katika mtego. Mtegaji hupinda ufito, akaushikiza kwa kijiti, na ufito ukabaki umejaa nguvu. Mnyama akigusa kijiti, mtego unafyatuka. Mtego mbovu unaweza kufyatuka kwa upepo tu. Katika hali zote mbili sharti moja halibadiliki, nalo ni kwamba lazima kuwe na kitu kilichobanwa na kitu kinachokibana. Bila ya viwili hivyo hakuna kufyatuka.

Sharti hilo ndilo ufunguo wa makala haya. Ndani ya bunduki, kilichobanwa ni nyundo, nayo imebanwa dhidi ya springi yake. Ikiwa mlio wa pili umetokana na nyundo kuachiliwa, basi kitenzi fyatuka kina nafasi yake. Lakini kama tutakavyoona, ipo milio ya pili ambayo nyundo haihusiki nayo hata kidogo. Kuiita hiyo “kufyatuka” ni kumpeleka fundi kuchunguza mahali pasipo na kosa.

Kuhusu umbo jifyatua, ambalo husikika sana mitaani, tahadhari inahitajika. Kiambishi -ji- kwa kitu kisicho na uhai hakimaanishi kwamba kitu hicho kina nia. Mlango uliojifunga haukuamua kujifunga. Umbo hilo humaanisha tu kwamba msemaji hakumwona mtenda. Katika mazungumzo linatosha. Katika ushahidi linahatarisha, kwa sababu kutomwona mtenda na kutokuwepo kwa mtenda ni mambo mawili.

3.0 Safari ya risasi moja

Istilahi nyingi zinazohitajika tayari zimo katika lugha. Pwani ilizijua bunduki za gumegume, ambazo baruti yake iliwashwa kwa cheche za jiwe, kisha ikazijua za fataki, yaani kile kikofia kidogo chenye kemikali inayowaka kikigongwa. Neno fataki linafaa mpaka leo, kwa sababu kitako cha kila risasi ya kisasa kina fataki yake. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Katika Kiswahili cha kila siku neno risasi hutumika kwa zima hilo na pia kwa kichwa kinachoruka peke yake. Hapa tutalitumia kwa maana ya zima.

Mtutu ni bomba, na chemba ni chumba kilicho mwanzoni mwa mtutu ambamo risasi hukaa. Chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma tutakiita komeo, kwa kuwa kinafanya kazi ya komeo la mlango. Ndani ya komeo imo pini, ambayo ndiyo inayoigusa fataki. Nyuma ya komeo ipo nyundo. Kijino kinachoishika nyundo isianguke tutakiita kizuio. Kifyatulio ni kile kinachovutwa kwa kidole.

Tuchukue bunduki aina ya SKS, iliyosanifiwa na Mrusi Sergei Simonov mwaka 1945 na kutengenezwa pia China. Katika taarifa za polisi wa Tanzania bunduki ya aina hii huitwa SAR. Hubeba risasi 10 katika kasha lake. Kidole kinapovuta, kizuio kinaiachia nyundo, nyundo inaipiga pini, pini inaigonga fataki, na fataki inaiwasha baruti. Gesi inakisukuma kichwa cha risasi mtutuni, na sehemu ndogo yake inapitia tundu lililo kwenye mtutu na kuisukuma pistoni nyuma. Pistoni inalifungua komeo na kulirudisha nyuma. Komeo linalitoa ganda tupu, linailaza nyundo upya, kisha springi inalirudisha mbele. Likirudi, linachukua risasi mpya kutoka kwenye kasha, linaiingiza chemba na kuifunga.

Mzunguko huu wote ni wa haraka mno. Bunduki ya aina ya AK-47, inayotumia risasi ile ile ya milimita 7.62 kwa 39, ina mwendo wa takriban risasi 600 kwa dakika ikiachiwa ifululize, maana yake mzunguko mmoja huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Binadamu huhitaji karibu mara mbili ya muda huo ili aitikie jambo kwa kidole. Kwa hiyo bunduki humaliza kujipakia upya wakati kidole bado kimekishikilia kifyatulio.

Hapa ndipo swali kuu linapozuka. Ikiwa kifyatulio bado kimevutwa, kwa nini nyundo isianguke tena mara tu komeo linapofunga? Jibu ni kwamba ipo sehemu ya ziada ambayo kazi yake ni kukata mawasiliano kati ya kifyatulio na nyundo baada ya kila mlio, mpaka kidole kilegee. Tutaiita kitenganishi. Katika aina fulani za bunduki kitenganishi ni ndoana inayoidaka nyundo inaporudi nyuma na kuikabidhi kwa kizuio wakati kidole kinapoachia. Katika nyingine, ikiwemo SKS, kinakiondoa kiungo cha kifyatulio mbele ya kizuio ili kizuio kirudi kazini. Kitenganishi hiki ndicho kinachoifanya bunduki inayojipakia yenyewe iwe ya nusu-otomatiki na si ya kufululiza.

4.0 Vyanzo vitano vya mlio wa pili

4.1 Kitenganishi kilichoshindwa kazi

Kitenganishi kikilika, springi yake ikilegea, au uchafu ukakizuia kisitembee, nyundo haidakwi. Inalifuata komeo linaporudi mbele. Mara nyingi nyundo inayofuata komeo namna hii hufika bila nguvu ya kutosha, kwa kuwa safari yake imesindikizwa na komeo badala ya kuwa pigo huru. Risasi haiwaki, na mtumiaji akivuta tena hakuna kinachotokea. Lakini mara nyingine nguvu hutosha, na mlio wa pili unakuja papo hapo, kidole kikiwa bado kimevuta. Mtumiaji anayeona bunduki yake “inagoma” baada ya kila risasi huenda anaiona dalili ya kwanza ya ugonjwa ambao kesho utamletea milio miwili.

4.2 Kizuio kilicholika au kilichopigwa tupa

Chanzo cha pili hufanana na cha kwanza kwa nje, ila wakati wake hutofautiana. Kitenganishi kinafanya kazi na nyundo inadakwa. Tatizo linajitokeza wakati wa makabidhiano. Kidole kinapolegea, nyundo inapaswa kuhamia kwenye kizuio. Ikiwa kingo za kizuio au za nyundo zimelika, nyundo inateleza na kuanguka. Mlio wa pili unatokea wakati wa kuachia, si wakati wa kuvuta. Kingo zikiwa zimelika zaidi, hata mtikisiko wa komeo linapofunga unatosha kuiangusha nyundo.

Kulika huku si lazima kutokane na umri. Wapo watumiaji wanaotaka kifyatulio kiwe chepesi, wakampa silaha mtu asiye na ujuzi ayasugue maungio yake kwa tupa. Vyuma hivi hufanywa vigumu kwa moto sehemu ya juu tu, hivyo tupa ikiondoa tabaka hilo, chuma laini kilichobaki huisha upesi. Bunduki inakuwa nyepesi kwa wiki chache, kisha inakuwa hatari.

4.3 Pini inayoelea

Katika bunduki nyingi za kijeshi pini haina springi ya kuirudisha nyuma. Inaelea ndani ya tundu lake. Komeo linapofunga kwa kasi na kusimama ghafla, pini huendelea mbele kidogo kwa msukumo wake na kuigusa fataki. Kwa kawaida mguso huo huacha alama ndogo tu. Ukiwa mzito, fataki huwaka.

Mambo yanayouzidisha uzito wa mguso huo yanajulikana. La kwanza ni pini iliyokwama mbele kwa sababu ya kutu, uchafu, au grisi nzito ya kuhifadhia silaha ambayo haikusafishwa. SKS zilizotoka ghalani zikiwa zimejaa grisi hiyo zina sifa mbaya kwa jambo hili. Katika SKS za mwanzo pini ilikuwa na springi yake, lakini katika zilizofuata iliondolewa. La pili ni fataki iliyotokeza nje ya kitako cha ganda badala ya kuzama, jambo linaloonekana zaidi katika risasi zilizojazwa upya kwa mikono. La tatu ni fataki nyepesi kuwaka kuliko zile za kijeshi. Bunduki ya Kimarekani M1, iliyosanifiwa na John C. Garand na kupokelewa jeshini mwaka 1936, ina pini inayoelea, na watumiaji wake wa kiraia huonywa kuhusu fataki za aina hiyo. Nayo M16 ilipokuwa ikijaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, pini yake ilipunguzwa uzito ili kuondoa tatizo hili hili.

Chanzo hiki kina sifa mbili za kukumbukwa. Kwanza, hakihitaji kidole. Kinaweza kutokea hata mtu anapopakia risasi ya kwanza huku kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Pili, kinaweza kutokea kabla komeo halijajifunga sawasawa. Hapo ganda hupasuka na gesi kurudi nyuma, na anayejeruhiwa kwanza ni mshika bunduki mwenyewe.

4.4 Joto la chemba

Bunduki iliyopiga risasi nyingi mfululizo hupata joto. Risasi ikiachwa ndani ya chemba yenye joto kali, baruti inaweza kuwaka bila kuguswa. Katika bunduki za nusu-otomatiki jambo hili ni adimu kwa kuwa mwendo wao si wa kutosha kuzipasha kiasi hicho, lakini haliwezi kuondolewa kabisa. Linatofautiana na mengine kwa muda. Mlio hauji papo hapo, bali baada ya sekunde kadhaa au hata dakika, wakati kila mtu anaamini zoezi limekwisha.

4.5 Kidole chenyewe

Chanzo cha tano hakimo ndani ya bunduki. Mlio wa kwanza unaisukuma bunduki nyuma begani. Mshikaji akiwa ameishika kwa ulegevu, bunduki inarudi nyuma, kidole kinaachana na kifyatulio, kisha bunduki inarudi mbele na kukikuta kidole pale pale. Kifyatulio kinavutwa mara ya pili, mwenyewe asijue. Ataapa kwamba alivuta mara moja, na hasemi uongo kwa kadiri anavyojua. Bunduki yenyewe ni nzima. Hali hii huwapata zaidi wanafunzi, watu wenye hofu, na bunduki zenye kifyatulio chepesi mno.

5.0 Namna ya kukitambua chanzo

Swali la kwanza ni bunduki ipi iliyotumika. SAR haina uwezo wa kufululiza, lakini bunduki ya aina ya AK, ambayo taarifa za polisi wa Tanzania huiita SMG, inao. Swichi yake ina ngazi tatu. Juu ni usalama, katikati ni kufululiza, na chini kabisa ni risasi moja moja. Mtu aliyetaharuki akiishusha ngazi moja tu badala ya mbili, atapata milio kadhaa kwa mvuto mmoja wa silaha isiyo na kasoro yoyote. Shahidi anayesema “bunduki” tu bila kutaja aina yake hajalijibu swali hili.

Swali la pili ni la wakati. Je, mlio wa pili ulikuja kidole kikiwa kimevuta, kilipoachia, komeo lilipofunga bila kidole kugusa, au baada ya kitambo? Majibu hayo manne yanaelekeza mahali tofauti.

Swali la tatu linajibiwa na maganda. Alama ya pini kwenye fataki ya ganda la pili ikiwa hafifu kuliko ya la kwanza, kuna sababu ya kushuku pini inayoelea au nyundo iliyofuata komeo. Alama zikilingana, kizuio au kidole vinashukiwa zaidi. Ganda lililovimba au kupasuka linaashiria komeo ambalo halikuwa limefunga. Kwa hiyo maganda yasiokotwe na kuchanganywa kabla hayajapigwa picha na kuwekwa alama.

Swali la nne linajibiwa na jaribio ambalo kila mlinzi wa ghala hufundishwa. Bunduki huondolewa risasi zote, na chemba hukaguliwa kwa macho na kwa kidole. Kisha nyundo hulazwa, kifyatulio huvutwa, na nyundo husikika ikianguka. Huku kifyatulio kikiwa bado kimevutwa, komeo hurudishwa nyuma na kuachiwa lifunge. Nyundo haipaswi kuanguka. Kifyatulio huachiwa polepole, na bado nyundo haipaswi kuanguka. Kinapovutwa tena, ndipo ianguke. Nyundo ikianguka katika hatua ya komeo kufunga, kitenganishi kina kasoro. Ikianguka katika hatua ya kuachia, kasoro iko kwenye kizuio. Bunduki ikifaulu hatua zote, uchunguzi unahamia kwenye pini, kwenye risasi zenyewe na kwenye mshikaji. Kufaulu jaribio hili si ushahidi kwamba mshikaji ana hatia, kwa kuwa jaribio haliigusi pini inayoelea wala fataki.

6.0 Kutoka kwenye chanzo hadi kwenye kitenzi

Sasa tunaweza kurudi kwa karani wetu. Vyanzo vitano vinajigawa katika makundi matatu ya kisarufi.

Kundi la kwanza ni pale kidole kilipovuta mara mbili, hata kama mara ya pili haikukusudiwa. Hapa kitenzi ni fyatua na kiima ni mtu: “Mgambo alifyatua mara ya pili bila kukusudia.” Kirai “bila kukusudia” hakipaswi kuachwa, kwa kuwa fyatua peke yake humfanya msikilizaji adhani kuna nia.

Kundi la pili ni pale nyundo ilipoachiliwa na mitambo, yaani katika kasoro za kitenganishi na za kizuio. Hapa kitenzi ni fyatuka, nacho kinakaa mahali pake pa asili: kilichofyatwa kimeponyoka. Ni vyema kiima kiwe sehemu yenyewe: “Nyundo ilifyatuka kifyatulio kilipoachiwa.” Sentensi hii inamwonyesha fundi pa kutazama na inaliachia baraza swali linalofuata, nani aliyeisugua kwa tupa, au nani aliyetakiwa kuikagua na hakuikagua.

Kundi la tatu ni pale risasi ilipowaka bila nyundo, kwa pini inayoelea au kwa joto. Hapa hakuna kilichofyatwa wala kilichofyatuka. Kitenzi kinachofaa ni lipuka, na kiima ni risasi: “Risasi ililipuka chemba komeo lilipofunga.” Mgambo wa mfano wetu aliposema “ililipuka tu”, huenda alikuwa sahihi kuliko wote. Au huenda alikosea. Ni uchunguzi utakaoamua, si sarufi.

Basi shahidi ambaye hajui chanzo aseme nini? Kiswahili kimemwandalia neno. Tunasema bunduki imelia. Kulia ni sauti iliyosikika, na kitenzi hicho hakidai chochote kuhusu kidole, nyundo wala fataki. “Alivuta kifyatulio mara moja, bunduki ikalia mara mbili” ni maelezo kamili ya alichoshuhudia mtu aliyesimama kando, tena hayamhukumu mtu wala kuisafisha silaha. Hata sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo isemwe tu na yule aliyekiona kidole.

Mapendekezo yetu kwa wanaoandika maelezo ni haya. Kwanza, maelezo ya awali yatumie kulia. Pili, fyatua, fyatuka na lipuka zitumike baada ya ripoti ya fundi, kila moja mahali pake. Tatu, jifyatua na umbo la kutendwa lisilo na mtenda, kama zilifyatuliwa, yaepukwe katika ripoti, isipokuwa yakiwa nukuu ya maneno ya shahidi. Nne, wakalimani wa mahakama wasiligeuze neno la shahidi kuwa lingine kwa kudhani ni mamoja. Pendekezo hili la mwisho linahusu sana eneo letu, ambako shahidi anaweza kuwa wa Kivu anayeziita risasi masasi, mpelelezi akawa Mganda aliyejifunza Kiswahili kambini, na hakimu akawa Mkenya. Majeshi ya nchi kadhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki yalihudumu pamoja mashariki mwa Kongo kuanzia mwishoni mwa 2022 hadi 2023. Katika mazingira kama hayo tofauti ya kitenzi kimoja inaweza kuvuka mipaka mitatu bila kugunduliwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mlio wa pili usiokusudiwa una vyanzo vitano: kitenganishi, kizuio, pini, joto na kidole. Yameonyesha pia kwamba wakati wa mlio, alama za fataki na jaribio la bunduki tupu husaidia kuvitenganisha. Kwa upande wa lugha, imedhihirika kwamba upungufu haumo katika Kiswahili. Fataki, komeo, nyundo na fyata ni maneno ya siku nyingi, na istilahi mbili tulizozipendekeza, kizuio na kitenganishi, zinaeleweka na yeyote anayeijua mizizi yake. Upungufu umo katika mazoea yetu ya kuyatumia maneno matatu kana kwamba ni moja.

Vyombo vya ukuzaji wa istilahi katika nchi zetu vingefanya vyema kukaa pamoja na walinzi wa maghala ya silaha, wakufunzi na makarani wa mahakama, wakakubaliana juu ya orodha fupi ya maneno haya. Orodha hiyo haitazidi ukurasa mmoja. Kwa mgambo wa mfano wetu, na kwa mpita njia aliyejeruhiwa, ukurasa huo ungekuwa mwanzo wa kupata haki kwa lugha wanayoielewa.